Taa za Dashibodi Zinazowaka na Kuzima: Tafuta Hitilafu ya Umeme Kwenye Gari la Juu la Zamani Kabla Hujanunua Spea

Leo tunaacha kidogo mbegu na viuatilifu, tunaingia chini ya boneti. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini gari la juu la zamani ni kifaa cha shamba, sawa na pampu ya kupulizia. Prado ya miaka ya 1990, Hilux Surf, Escudo, RAV4 za mwanzo: hizo ndizo zinazobeba mbegu za viazi, maziwa na parachichi, na usiku mgonjwa akizidiwa ndizo ambulensi ya kijiji. Gari la namna hiyo likianza kuwasha taa nyekundu leo, kesho ikazima, keshokutwa likagoma kuwaka, hasara haiishii kwa fundi. Maziwa yanaganda njiani na mnunuzi anaondoka.

Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu watu wanaitibu kwa kubahatisha. Betri inabadilishwa, haijapona. Alternata inabadilishwa, haijapona. Sensa, haijapona. Mwisho pesa ya mbolea ya kukuzia imeishia kwenye duka la spea, na taa bado inawaka.

Mnakumbuka somo letu la majani ya mahindi kuwa ya njano? Tulisema njano ni dalili tu. Ukiiona kwenye majani ya chini, ya zamani, unafikiria upungufu wa naitrojeni. Ukiiona kwenye majani machanga ya juu, unafikiria salfa au chuma. Anayekimbilia kununua mbolea kabla ya kuangalia ni jani lipi anatupa pesa. Taa ya dashibodi ni hivyo hivyo. Inakuambia mahali pa kuanzia kuangalia, haijakuambia ununue nini.

Kwanza kabisa: taa ipi inakusimamisha?

Kabla ya kutafuta hitilafu, jua taa ipi haina mjadala. Hata kama ni ya kuja na kuondoka, zifuatazo zichukulie kuwa kweli mpaka uthibitishe vinginevyo.

1. Taa nyekundu ya oili (kibirika). Ikiwaka gari likiwa linatembea, simama mahali salama na uzime injini hapo hapo. Pima oili. Ikiwa inamulika tu injini ikiwa ya moto na iko sailensa, usiseme ni waya tu. Inaweza kuwa presha ya oili imeshuka kweli. Ipimwe kwa geji ya fundi.

2. Joto la injini. Sindano ikipanda, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

3. Taa nyekundu ya breki. Angalia handbreki, kisha kiwango cha mafuta ya breki. Ikiwaka unapokata kona au kushuka mlima halafu ikazima kwenye tambarare, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua na yanachezacheza kwenye kichupa. Usiongeze tu na kuondoka. Kagua uvujaji na unene wa padi, kwa sababu padi zikiisha mafuta hushuka.

4. Taa ya betri. Fungua boneti uangalie mkanda. Kwenye injini nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, injini itachemka muda si mrefu. Mkanda ukiwa mzima, zima redio, feni na taa usizohitaji, uelekee mahali pa msaada. Gari la petroli, au dizeli yenye kompyuta, litazima betri ikiisha.

Taa za rangi ya chungwa, kama ile ya injini au ABS, kwa kawaida zinakuruhusu kufika nyumbani taratibu. ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila matairi yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla kwenye tope. Taa ya mifuko ya hewa muachie mtaalamu. Waya zake, ambazo mara nyingi zina ala ya njano, usizichokoe kwa mita.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Unapofungua swichi kabla ya kupiga stata, taa za oili, betri na injini zinatakiwa ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hiyo ndiyo ya kuogopa. Balbu imeungua, au mtu aliitoa ili gari liuzike. Ukienda kununua gari la mkononi, anza na kipimo hicho.

Hitilafu ya kuja na kuondoka ina masharti yake

Mkulima mmoja wa viazi, mzee wangu wa heshima, aliniambia hivi: "Bwana shamba, hili gari lina jini. Fundi akija, linatulia. Fundi akiondoka tu, linaanza." Nikamuuliza, "Mzee, hilo jini linakuja saa ngapi?" Akafikiri, akasema, "Hasa usiku. Na mvua ikinyesha." Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko spea zote alizokuwa ameshanunua. Nitarudi kwenye gari lake.

Umeme wa gari hauna hasira wala mapenzi. Waya uliolegea unagusa au haugusi kwa sababu kuna kitu kimebadilika. Vitu vyenyewe ni vinne:

- Joto. Je, inatokea injini ikiwa baridi asubuhi, au baada ya kupanda mlima nusu saa? Chuma na shaba hutanuka kwa joto, na mahali palipopasuka huachana.
- Maji. Je, inatokea baada ya mvua, kuvuka mto, au kuosha injini?
- Mtikisiko. Je, inatokea kwenye rafu tu, na kwenye lami inapotea? Je, unapofunga mlango wa nyuma kwa nguvu?
- Mzigo wa umeme. Je, inatokea ukiwasha taa kubwa, waipa na feni kwa pamoja?

Weka daftari dogo kwenye gari. Kila taa ikiwaka, andika: taa gani, saa ngapi, injini ya moto au ya baridi, barabara gani, mvua ipo au haipo, na nini kilikuwa kimewashwa. Ukiandika mara tano au sita utaona mstari unajichora wenyewe. Fundi akipewa daftari hilo anaanza kazi kwenye nusu ya pili ya safari.

Vifaa vya kuwa navyo

Huhitaji mashine ya bei mbaya. Nunua malitimita ya kawaida, ile ndogo ya kidijitali. Ongeza taa ya kupimia yenye klipu, brashi ya waya, msasa laini, spana namba 10 na 12, fyuzi za akiba, tepu ya umeme na grisi kidogo. Mita hiyo hiyo itakusaidia kwenye sola na kwenye uzio wa umeme wa nguruwe, basi usiione ni gharama ya gari peke yake.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu kabla ya kugusa betri

Gari lenye kompyuta huhifadhi namba za makosa. Ukichomoa betri, kwenye magari mengi ya zamani namba hizo zinafutika na ushahidi umeupoteza. Kwa hiyo soma kwanza.

Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusomea, OBD-II, kwa magari mapya kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lakini mengi ya magari yetu yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na ya miaka ya 1990 hayafungwi na sheria hizo. Ndiyo maana kimashine kidogo cha kuunganisha na simu kinaweza kukataa kusoma gari lako na gari likawa halina kosa.

Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiwa umezima kila kitu, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu mimuliko ya taa ya injini. Mimuliko 2, kimya kifupi, mimuliko 2 tena, hiyo ni namba 22. Ikimulika haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Majina ya matundu yameandikwa ndani ya kifuniko. Soma mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwa sababu tundu lisilo lenyewe linaweza kuunguza kitu.

Sasa zingatia hapa. Namba 22 ni ya sakiti ya sensa ya joto la maji. Nimesema sakiti. Maana yake ni sensa, au soketi yake, au waya, au ethi. Kompyuta imeona umeme usioeleweka ukitoka upande huo, basi. Ukienda dukani kununua sensa kwa sababu namba imeitaja, ni sawa na kununua urea kwa sababu jani ni la njano.

Hatua ya 2: Pima betri

Umeme ukiwa mdogo kila kitu kinadanganya. Kompyuta inaona makosa ambayo hayapo, ABS inawasha taa, rilei zinagongagonga. Kwa hiyo betri ndiyo mwanzo, siku zote.

Weka mita kwenye volti za DC, 20. Gari liwe limelala usiku kucha. Gusa vichwa vyenyewe vya betri, siyo klipu zake.

- Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
- Volti 12.4: ina kama robo tatu.
- Volti 12.2: imebaki nusu.
- Volti 12.0 kushuka chini: karibu imeisha, ichajiwe kabla ya kipimo kingine chochote.

Kisha mtu apige stata huku unaangalia mita. Isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka mpaka 8 wakati betri ilikuwa imejaa, betri imechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Makete na Njombe hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo betri dhaifu hujitangaza miezi hiyo.

Angalia pia unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa. Legeza kebo hasi kwanza, kisha chanya. Osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, suuza, kausha, sugua mpaka chuma king'ae. Unaporudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Kaza mpaka isizunguke kwa mkono, paka grisi juu.

Hatua ya 3: Pima chaji

Washa injini. Kwenye vichwa vya betri utegemee volti kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na waipa, ongeza moto kidogo. Isianguke chini ya 13.5 hivi. Ikipita 15, zima. Regyuleta haifanyi kazi yake na utaunguza balbu na kompyuta.

Taa ya betri inayowaka kwa kufifia usiku, kama mkaa unaozimika, hutokana mara nyingi na dayodi za alternata. Inayowaka na kuzima kwenye rafu au baada ya kupita kwenye tope inaelekeza kwenye brashi zilizoisha, au soketi ya nyuma ya alternata. Brashi ni spea ndogo na rahisi. Usikubali kununua alternata nzima kabla brashi hazijafunguliwa na kuangaliwa.

Wenye Toyota za dizeli za zamani, sikilizeni. Mkiona taa ya betri, ya breki na ya maji kwenye chujio la dizeli zimewaka kwa pamoja, msianze kufungua magurudumu. Kwenye magari hayo taa hizo zimeunganishwa ili zijaribiwe kwa pamoja unapofungua swichi, na alternata ikiacha kuchaji zinarudi zote kama kundi. Hakikisha mafuta ya breki yapo na pedali ni ngumu, kisha nenda kwenye alternata. Taa ya chujio ikiwaka peke yake, hiyo ni ya kweli: kuna maji kwenye dizeli. Wanaoweka dizeli kwenye mapipa shambani wanalijua hili.

Na ile T-BELT? Haipimi mkanda wowote. Inahesabu kilomita, na kwenye nyingi inawaka kila baada ya 100,000. Ukinunua gari lililotumika, kuzimwa kwake hakuthibitishi kwamba mkanda wa taimingi ulibadilishwa, na kuwaka kwake siyo hitilafu ya umeme.

Hatua ya 4: Pima ethi (hapa ndipo majini mengi yanapoishi)

Umeme unatoka kwenye betri kwa waya, lakini unarudi kupitia injini, chasisi na bodi. Njia hiyo ya kurudi inashikwa na kebo na misuko michache ya shaba, iliyofungwa kwa bolti mahali penye tope na oili. Baada ya miaka 25 bolti ina kutu. Kwa macho imekaza, lakini umeme haupiti vizuri.

Kosa la kawaida ni kupima ethi kwa alama ya ohm na kuridhika. Uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha mita kwamba njia ipo, ila hauwezi kubeba mzigo wa stata. Ethi inapimwa ikiwa kazini, kama hivi:

1. Mita ibaki kwenye volti za DC.
2. Ncha nyeusi iguse kichwa hasi cha betri.
3. Ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha injini.
4. Injini ikiwaka na taa zote zimewashwa, soma. Inatakiwa chini ya volti 0.2.
5. Zima, kisha mtu apige stata huku unasoma. Isizidi 0.5 hivi.
6. Rudia ukiwa umegusa bodi badala ya injini.

Namba yoyote kubwa unayoiona hapo ni umeme unaopotelea njiani.

Turudi kwa yule mzee wa viazi. Gari lake ni la dizeli, la miaka ya 1990. Dalili zilikuwa tatu. Usiku akiwasha taa kubwa, sindano ya joto inapanda. Taa ya ABS inawaka na kuzima. Na baada ya siku mbili tatu za mvua, stata inakuwa nzito. Alikuwa ameshabadilisha thamostati kwa ajili ya lile joto, na betri kwa ajili ya stata. Aliponipigia alikuwa anatafuta mnunuzi wa ndama ili anunue alternata.

Tulipima mchana, taa zote zimewashwa. Kwenye alternata yenyewe, kati ya bolti yake ya kutolea umeme na mwili wake, volti 14.2. Nzima kabisa. Kwenye vichwa vya betri, 12.8. Volti 1.4 zimekwenda wapi? Ncha moja kwenye betri hasi, nyingine kwenye injini: 1.4. Alipopiga stata ikaruka mpaka 2.6.

Tukafuata kebo nene kutoka betri hasi mpaka inapofungwa kwenye injini. Juu ilikuwa safi. Kule chini kichwa cha kebo kilikuwa kimejaa unga wa kijani, na nyuzi nyingi zimeoza. Tukakata sehemu mbovu, tukafunga kichwa kipya, tukasugua injini mpaka chuma cheupe, tukakaza. Vipimo vikawa 0.05 taa zikiwa zimewashwa, na 0.3 kwenye stata. Sindano ya joto haikupanda tena. Ndama alibaki zizini.

Kwa nini sindano ilipanda wakati injini haikuwa na joto? Sensa ya geji inatumia injini kama ethi. Mzigo ulipokuwa mkubwa na njia ya kurudi mbovu, injini na betri hasi zikatofautiana kwa zaidi ya volti moja, na geji ikaisoma tofauti hiyo kama joto. Kwa nini usiku na mvua? Kwa sababu ndipo taa, waipa na feni zinapowashwa kwa pamoja. Jini lilikuwa na ratiba, na ratiba yenyewe ni mzigo wa umeme.

Hatua ya 5: Lazimisha hitilafu ijitokeze

Ikiwa betri, chaji na ethi ni nzima, sasa tumia daftari lako na uigize yale masharti.

- Mtikisiko: injini ikiwaka, au swichi ikiwa wazi, tikisa soketi na mafungu ya waya moja baada ya jingine, polepole. Taa ikibadilika, umepafikia. Kuwa mbali na mkanda na feni.
- Maji: nyunyizia kwa chupa ya ukungu, sehemu moja kwa wakati. Usipige maji ya presha.
- Joto: pasha kwa mashine ya kukaushia nywele sehemu unayoishuku, au acha injini ipate moto kamili kisha urudie vipimo.
- Mzigo: washa vyote kwa pamoja.

Anza na sehemu hizi, maana ndizo zinazochoka kwanza: waya zinazoingia mlango wa nyuma na milango ya pembeni kupitia bomba la mpira (hukatikia ndani kwa kufunguliwa na kufungwa), soketi ya taa za trela, boksi la fyuzi, soketi za sensa karibu na ekzosi, na waya za ABS nyuma ya magurudumu. Kagua pia kila mahali ambapo alamu au redio ilifungwa kwa kusokota waya na tepu.

Kwa sisi wa shamba kuna maadui wawili wa ziada. Wa kwanza ni panya. Punje za mahindi zikibaki chini ya viti, panya wanahamia, na wakimaliza punje wanatafuna ala za waya. Fagia gari kila baada ya kubeba nafaka. Wa pili ni mbolea na chumvi ya mifugo. Vumbi lake linanyonya unyevu hewani na kugeuka maji makali yanayokula chuma na shaba chini ya zulia, ambako mafungu ya waya yamelazwa. Beba mbolea juu ya turubai, na mfuko ukipasuka toa zulia, osha, anika.

Betri ikiisha gari likiwa limelala

Ikiwa chaji ni nzuri lakini kila baada ya siku mbili tatu unatafuta wa kubusti, kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Zima vyote, funga milango, subiri nusu saa. Hamishia mita kwenye ampea 10, toa kebo hasi, pitisha mita katikati ya kebo na kichwa cha betri. Usifungue swichi wala kupiga stata, utaunguza mita. Kwa kawaida isizidi miliampea 50. Ukikuta 500, hiyo ni ampeasaa 12 kwa siku. Betri ya ampeasaa 70 itapoteza nusu yake kwa siku tatu. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoiangusha namba ndiyo yenye mwizi: taa ya ndani, redio, alamu. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, shuku dayodi za alternata.

Tahadhari

1. Usichomoe betri injini ikiwaka ili "kupima kama alternata inachaji". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuua kompyuta. Mita inakupa jibu hilo bila hatari.
2. Fyuzi ikiungua, weka ya namba ile ile: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni moto unaosubiri siku yake.
3. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, toa kebo za betri.
4. Unapobusti, waya hasi wa mwisho ufunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja.

Ukimpelekea fundi

Vipimo hivi havimfukuzi fundi. Vinamrahisishia. Usimwambie "nibadilishie alternata". Mwambie, "Fundi, betri ikilala ina 12.6. Ikiwaka na taa zote ina 12.8. Kati ya injini na betri hasi napata 1.4. Inatokea usiku na mvua." Fundi mzuri atafurahi. Anayekataa kukuonyesha namba lakini anataka ununue spea, muage kwa adabu.

Na usilipe kwa sababu taa imezima. Hitilafu ya aina hii huzima yenyewe hata bila kuguswa. Kazi imekwisha pale kipimo kilichokuwa kibaya kimekuwa kizuri, na masharti yale yale ya daftarini yamerudiwa bila taa kurudi: usiku ule, barabara ile, mzigo ule.

Kwa maswali, andika hapa chini. Taja aina ya gari, mwaka na injini, taa inayowaka, masharti yake manne, na vipimo vitatu: betri ikilala, betri ikichaji, na injini kwa betri hasi. Kwa hayo tutakuwa na pa kuanzia. Wiki ijayo tunarudi shambani: kuchagua mbegu za viazi kabla mvua hazijaanza.